Vyuma kwanza au kardio kwanza, siku moja au siku tofauti? Tuchague kwa kuangalia miguu

Hili swali haliishi gym. Kaa karibu na benchi jioni moja tu utalisikia, "hivi nianze na mashine ya kukimbilia au nianze na vyuma?", na majibu yanakuja matatu kwa mpigo: baunsa anasema kardio (mazoezi ya pumzi kama kukimbia) inakula misuli achana nayo, dada anayetoka darasa la aerobiki anasema kama hujalowa jasho hujafanya kitu, na trena anasema fanya vyote halafu huyo, kashaenda kwa mteja mwingine. Wote wana kipande cha ukweli ila kila mtu anajibu kwa lengo lake yeye, na we una lako.

Kwahiyo tuziweke njia zote mezani tuone ipi inamfaa nani. Ziko nne: vyuma kwanza na kardio baadae siku hiyohiyo, kardio kwanza na vyuma baadae, kila kimoja na siku yake, na ile ya kuvuruga vyote kwa pamoja kwa kupumzika kidogo tu, ile watu wanaiita sakiti. Msimamo wangu nautoa mapema ili usishuke hadi chini ukiutafuta: karibu kila kitu hapa kinaamuliwa na miguu. Ukishajua unaitaka miguu ikiwa freshi kwa kazi gani, ratiba inajipanga yenyewe.

Kwanza tumalizane na hili la kardio kula misuli

Hii stori haikutoka hewani. Mwaka 1980 mtafiti mmoja wa Marekani, Robert Hickson, alitoa matokeo ya jaribio la wiki 10. Alikuwa na makundi matatu, la kwanza linanyanyua vyuma siku 5 kwa wiki, la pili linafanya mazoezi ya pumzi siku 6, na la tatu linabeba ratiba zote mbili. Nguvu za miguu za hili la tatu zilipanda sambamba na za wale wa vyuma mpaka kama wiki ya 7 hivi, baada ya hapo zikagoma, na wiki za mwisho zikaanza kushuka wakati wale wa vyuma peke yake bado wanapanda. Na huyu Hickson mwenyewe alikuwa mtu wa vyuma, alipoenda kufanya kazi kwenye maabara ya John Holloszy kule St. Louis, Holloszy alikuwa mpenda mbio, jamaa akaanza kukimbia naye na akaona mwili wake unasinyaa, ndo wazo la jaribio likazaliwa hapo.

Ila piga hesabu vizuri. Vyuma mara 5 jumlisha pumzi mara 6 ni vipindi 11 kwa wiki, na miguu ndo iliyokuwa inapigwa kotekote. Sa nani kati yetu anafanya 11? Mtu anatoka kazini Posta jioni, anapigana na foleni ya mabasi ya mwendokasi hadi Kimara, anafika gym saa 1 usiku kachoka tayari, huyo akipata vipindi vitatu au vinne kwa wiki kashukuru Mungu. Halafu mwaka 2022 watafiti wakaja kukusanya tafiti 43 wakaziangalia kwa pamoja, na jibu likawa kwamba kuchanganya vyuma na kardio hakuzuii misuli kukua wala nguvu za kawaida kupanda, kilichoguswa ni ile nguvu ya kuchomoka, ya kuruka na kukata mbio ghafla, hasa pale vyote viwili vinapopigwa kwenye kipindi kimoja. Kwahiyo kama we ni winga wa timu ya mtaa au unacheza basketi hilo likuguse kidogo, lakini kama unachotaka ni kifua kijaze shati na mabega yaonekane, dakika 20 za kukimbia mara tatu kwa wiki hazitakunyang'anya kitu. Mara nyingi anayesinyaa ni yule aliyeanza kardio na siku hiyohiyo akaacha kula, kisha lawama zote anaitupia mashine.

Vyuma kwanza, kardio baadae

Hii ndo njia ninayompa mtu yeyote mwenye siku tatu za gym na lengo la kawaida, yani kukata kitambi, kupata umbo, pumzi isimkatikie ngazi ya pili. Sababu ni nyepesi. Skwati (kuchuchumaa na uzito) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) zinataka umakini, mgongo ukae sawa, magoti yafuate vidole vya miguu, na ukishakimbia nusu saa miguu inatetemeka, umakini umeisha, unapunguza uzito au unaubeba kwa mgongo. Kardio ya kawaida haina hiyo kesi, ukikimbia umechoka kidogo utakimbia polepole, basi, mapigo ya moyo yatapanda vilevile na kazi itafanyika. Tafiti zilizolinganisha mpangilio zinaenda upande huohuo: anayeanza na vyuma anapata nguvu zaidi za miguu, na kwenye pumzi na mafuta ya mwili mpangilio hauleti tofauti ya maana. Yani kwa kuanza na vyuma unapata faida upande mmoja na upande wa pili hupotezi, sasa kwa nini usifanye hivyo?

Muda wake ni kama saa moja na dakika kumi: dakika 5 hadi 8 za kupasha mwili (kutembea haraka au baiskeli nyepesi, hiyo haihesabiki kama kardio, usianze kujidanganya), dakika 40 za vyuma, dakika 20 za pumzi. Vyuma vyenyewe chagua mazoezi makubwa matano tu, la kusukuma, la kuvuta, la kuchuchumaa, la kuinama na la tumbo, seti tatu tatu, kila seti mara 8 hadi 12, uzito ambao mara mbili za mwisho zinakuuma kweli. Watu wanapoteza nusu saa kwenye mikono mbele ya kioo halafu wanasema kardio haina muda.

Udhaifu wake ni mmoja na ni wa kibinadamu: ukishamaliza vyuma unajisikia umemaliza, unaanza kupiga stori, kardio inaliwa. Hili nimeliona kwa watu wengi mno, na dawa yake ni kuiwekea kardio dakika chache lakini za kueleweka, afadhali 12 za kweli kuliko 40 za kwenye ratiba ya ukutani. Na siku ya miguu usikimbie baada ya skwati nzito, panda baiskeli ya gym taratibu au tembea kwenye mwinuko, kukimbia peleka siku ya kifua na mgongo.

Kardio kwanza

Hapa sina mengi. Inamfaa mtu ambaye pumzi ndo lengo lake namba moja, mfano anajiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, ile ya Februari mwishoni au Machi mwanzoni, mtu kama huyo mbio zake za muhimu lazima azikute na miguu mipya, vyuma vije baadae na viwe vichache. Lakini viwepo! Wakimbiaji wengi wa mtaani wanadhani vyuma vitawafanya wazito, wakati kuna utafiti wa mwaka 2008 wa Støren na wenzake ambapo wakimbiaji walichuchumaa na uzito mkubwa, seti 4 za mara 4 tu, siku tatu kwa wiki kwa wiki 8, wakaanza kutumia nishati pungufu kwa kama asilimia 5 kwenye spidi ileile na miili haikuongezeka uzito. Asilimia 5 kwenye kilomita 21, na ile milima ya Moshi ilivyo, sio kitu cha kukipita.

Kwa wengine wote kuanza na kardio kali ni kujiharibia vyuma bure. Wanaoanza nayo wengi hawakuchagua, mashine tu ndo ya kwanza kukutana nayo ukiingia mlangoni.

Kila kimoja na siku yake

Kama una siku nne au tano hii ndo bora kuliko zote, na hapo sitanii. Unanyanyua ukiwa mzima, unakimbia ukiwa mzima. Kuna utafiti ulifanywa kwa wachezaji raga wa ridhaa, wengine wakafanya pumzi palepale baada ya vyuma, wengine baada ya kupita masaa 6, wengine kesho yake, na waliofululiza bila pengo ndo walioambulia nguvu kidogo zaidi, na kwa upande wa pumzi wale wa kesho yake ndo waliofaidi zaidi. Kwahiyo hata kama huna siku nyingi, unaweza kukimbia saa 11 alfajiri na kunyanyua jioni, mwili unaihesabu hiyo karibu kama siku mbili. Na kwa jua la Dar la Januari na Februari alfajiri ndo muda pekee wa kukimbia nje bila kuungua, ukichelewa hadi saa 3 asubuhi umeshapikwa.

Sasa tatizo la njia hii liko kwenye kupanga, na watu wanakosea palepale kila siku. Maumivu ya miguu baada ya vyuma hayaji siku hiyo, yanafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Chukulia mtu wa Temeke ambaye yuko kwenye kikundi cha jogging, kile cha kukimbia barabarani kwa kundi na nyimbo, asubuhi ya Jumapili. Akipiga miguu Ijumaa, Jumapili anakimbia kama mtu aliyekanyaga mbigili, na Jumatatu akisema apige miguu bado ana uchovu wa Jumapili. Siku ya miguu ya huyu ni Jumanne, Jumatano ikimbana, na habari ndo imeisha hapo. Wiki yake naiona hivi: Jumanne miguu na mgongo wa chini, Jumatano apumzike au atembee, Alhamisi kifua, mabega na mikono na mwishoni dakika 15 za kardio kali kwa sababu miguu haijaguswa siku hiyo, Ijumaa mgongo wa juu na tumbo, Jumamosi mapumziko, Jumapili jogging na wenzake. Jumatatu alale tu kwa amani.

Kingine kinachosahaulika, siku ngumu iwe ngumu kweli na ya kupumzika iwe ya kupumzika. Ukifanya ngumu kidogo Jumatatu, ngumu kidogo Jumanne, ngumu kidogo Jumatano, hakuna siku mwili unapata nafasi ya kujijenga, unabaki katikati tu, huchoki sana wala huendelei. Ni afadhali Jumanne uumie vizuri halafu Jumatano usiguse kitu.

Nani asiichukue? Mtu ambaye anajijua kwamba siku tano zake huwa zinaishia kuwa mbili. Kwa sababu ukiruka siku kwenye njia ya kwanza umepunguza kidogo cha kila kitu, ukiruka siku huku umefuta kitu kizima, wiki inaisha hujakimbia hata mara moja au hujagusa miguu mwezi mzima, na hao tunawajua, juu kifua cha simba chini njiti.

Sakiti

Dambeli, kamba, pushapu, skwati ya mwili, benchi la kupanda na kushuka, sekunde 40 fanya sekunde 20 pumzika, unazunguka mizunguko minne au mitano. Dakika 25 umemaliza na shati limelowa. Nzuri kwa mtu mwenye muda mfupi, nzuri kwa mama mwenye mtoto mdogo nyumbani anayefanyia sebuleni, nzuri kwa anayeanza ambaye mwili wake utajibu kitu chochote utakachompa. Lakini wadau tuambiane ukweli, sakiti sio vyuma. Uzito unaoweza kuubeba huku unahema ni mdogo, na pumzi ndo inayokusimamisha kabla misuli haijachoka, kwahiyo baada ya miezi michache unakuwa hodari wa kufanya sakiti tu. Na zoezi la kiufundi kama dedilifti nzito usiliweke kwenye sakiti hata siku moja, mtu anayehema hawezi kulinda mgongo.

Hapohapo kuna ile wanayoiita Tabata, sekunde 20 kali na 10 za kupumzika mara nane. Izumi Tabata wa Japani aliitoa mwaka 1996 na watu wake walikuwa kwenye baiskeli ya maabara wanasukuma zaidi ya uwezo wao wa juu wa pumzi, mwisho wa mzunguko wa saba au wa nane hawajiwezi tena. Ile unayofanya kwenye simu huku unaangalia muda sio hiyo, ni sakiti fupi tu, sawa inasaidia ila usiipe sifa zisizo zake.

Kardio ipi?

Hapa ndo pana nyama kuliko hata swali la mpangilio. Kukimbia kunagonga, kila hatua mguu unapokea uzito zaidi ya wa mwili wako, na misuli ya paja inanyooka huku imekaza, ndo maana uchambuzi mmoja wa mwaka 2012 uliona kwamba wanaochanganya vyuma na mbio wanapoteza zaidi kwenye miguu kuliko wanaochanganya vyuma na baiskeli. Mtu anayetaka mapaja makubwa basi baiskeli ni rafiki yake. Mtu wa kilo 100 na zaidi anayeanza leo asikimbilie kukimbia, magoti yatamlilia, atembee kwenye mashine aliyoiinua mwinuko, mikono isishike vyuma vya pembeni (kushika ni kuiba), mapigo yatapanda kama anakimbia.

Kamba ni bei rahisi na haina foleni, ila inakula vigimbi, usiruke dakika 15 leo na kesho una mpango wa kukimbia. Kuogelea kuzuri ila tusidanganyane, wangapi wana bwawa? Na mpira wa jioni uwanjani nao ni kardio jamani, tena kali, watu wanacheza dakika 90 Jumamosi halafu wanauliza waongeze kardio siku gani.

Kasi gani? Kwa siku nyingi kasi ya kuweza kuongea sentensi nzima bila kukata, ukishindwa kuimba ni sawa, ukishindwa kuongea umezidisha. Ile ya kuhema kama mbwa mara moja kwa wiki inatosha, mbili kama umezoea. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Dakika 20 baada ya vyuma mara tatu ni 60, ongeza kutembea kwenda kituoni na kurudi kila siku na jogging ya Jumapili, umefika. Wenye presha, kisukari au moyo waongee na daktari kwanza kabla ya kuanza vitu vikali, na kwenye vyuma wasibane pumzi wakati wa kusukuma.

Kwa anayetaka kupungua

Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani walilinganisha kitu hikihiki kwa watu wanene, matokeo yakatoka 2012: wa kardio peke yake walipunguza mafuta zaidi ya wa vyuma peke yake, wa vyuma wakaongeza misuli, na wa vyote viwili wakapata vyote, mafuta yakashuka na misuli ikapanda, lakini walitumia muda karibu mara mbili. Hiyo ndo bei yake. Kwahiyo mwenye haraka ya mizani peke yake kardio itampendeza, ila mizani haijui kama kilichoondoka ni kitambi au paja, na mtu aliyepungua bila vyuma unamwona tu, nguo zinapwaya lakini tumbo bado laini.

Halafu hesabu ya chakula. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anachoma kama kalori 400 hivi. Sahani moja ya chipsi mayai inazirudisha zote na chenji juu. Kwahiyo huwezi kuikimbia sahani, ila ukikata chakula kikatili huku unachanganya vyuma na mbio ndo pale misuli inaondoka kweli. Punguza kiasi tu, protini isiguswe, kwa anayejenga misuli kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku inatosha, na hiyo inapatikana kwa mayai, maharage, dagaa, samaki, maziwa, kuku akiwepo. Dagaa wa kukaanga na ugali baada ya gym hawana aibu yoyote mbele ya kopo la unga wa protini la laki na kitu.

Mwezi wa Ramadhani mpangilio unageuka. Kunyanyua vizito saa 10 jioni umefunga na maji hujagusa sio ushujaa, weka matembezi ya haraka ya nusu saa kabla ya adhana ya magharibi kisha unafungua, vyuma vije usiku baada ya futari kutulia, na punguza seti, mwezi huo lengo ni kutopoteza.

Na kuna jambo la mwisho ambalo hakuna utafiti unalizungumzia ila gym zetu zinalijua vizuri. Saa 12 jioni mashine za kukimbilia ziko mbili, moja mbovu, na kuna foleni ya watu sita, wakati benchi nalo lina vijana wanne wanapokezana. Hapo mambo ya kwanza na ya pili yanaamuliwa na kilicho wazi. Ukikuta vyuma viko wazi anza navyo kama tulivyosema. Ukikuta benchi limejaa usipande mashine kusubiri kwa kukimbia dakika 30, chukua dambeli piga skwati na kuvuta pembeni, na kardio nenda kaifanyie nje kwenye barabara ya vumbi wakati unarudi nyumbani, begi mgongoni, hatua za haraka.